Picha ya Sauti

Fundi alijiona ukutani akiwa ametoka kununua uzi.

Ulikuwa ukuta wa ghala la saruji, mkabala na duka la vifaa vya cherehani, ukuta ambao siku zote ulibandikwa matangazo ya mabati na rangi za nyumba. Siku hiyo ulikuwa umevikwa turubai jipya, na juu ya turubai hilo, mkubwa kuliko mlango wa ghala lenyewe, alikuwapo yeye. Amekunja magoti, kitambaa cha kichwa kimemporomoka hadi kwenye nyusi, mishipa ya shingo imemtoka. Mgongoni amembeba mumewe, miguu ya mume inaburutika sakafuni, mdomo wake umefunguka hadi pengo la jino linaonekana. Juu yao yaliandikwa maandishi makubwa: NGUVU. Chini yao, kwa herufi za kulala, majaji wa mashindano ya picha walikuwa wameweka maneno yao: Kilio kisicho na sauti.

Kitu cha kwanza alichokiona Fundi si mumewe wala maandishi. Ni gauni lake la kulalia. Lilikuwa limefumuka kwapani, na pale ukutani ule mfumuko ulikuwa na urefu wa mkono mzima. Mtu anayeshonea sare nusu ya watoto wa mtaa, anayewagombeza wateja kwa kuvaa nguo zilizoachia mishono, ametundikwa barabarani na kwapa wazi.

"Fundi, umesahau chenji yako," muuza uzi alisema nyuma yake, kisha naye akainua macho. Alitazama turubai, akamtazama Fundi, akatazama turubai tena. "Kumbe nyumbani unabeba magunia na hutuambii."

Alicheka bila ubaya wowote, na hiyo ndiyo iliyouma. Pembeni yao wanafunzi wawili wa kike walikuwa wanapigana picha na simu mbele ya turubai. Mmoja alisema, "Maskini, ona yule mzee anavyolia," akapanga nywele zake na kutabasamu kwa ajili ya picha. Fundi aliikunja ile chenji ndani ya kiganja na kuondoka haraka, ameinamisha uso kama mwizi, ilhali hakuwa ameiba kitu.

*

Aliyeiba alikuwa binti yake, na Fundi alimsubiri uani akiwa amesimama.

Binti alifanya kazi katika studio ya picha. Huko alipiga picha za pasipoti na za wahitimu, akazisafisha nyuso za watu chunusi na makovu kwa kompyuta hadi wengine wakawa hawajitambui. Aliingia uani akiwa amekumbatia mkoba, akaona uso wa mama yake, akajua.

"Umeiona," alisema.

"Mji mzima umeiona. Mimi nimekuwa wa mwisho." Fundi alisema kwa sauti ya chini, maana dirisha la chumba cha mbele lilikuwa wazi. "Ulituambia unajaribu kamera. Ulisema ya studio imetoka kutengenezwa, unaijaribu. Nikakuacha. Nimevaa gauni la kulalia, baba yako hajanawa uso, nikakuacha kwa sababu wewe ni mwanangu na ulisema unajaribu kamera."

"Nilikuwa najaribu, mama. Halafu ikatoka hiyo."

"Na ikaota miguu yenyewe, ikatembea hadi kwenye mashindano?"

"Ningewaomba mngekataa."

"Ndiyo. Tungekataa. Kukataa ni haki yetu, au hata hiyo mnaisafisha kwa kompyuta?"

"Ninyi wawili," sauti ilitoka dirishani, nzito, imetulia. "Kilichokufa ni miguu yangu. Masikio nayatumia. Ingieni ndani."

Mwenye sauti hiyo alikuwa mumewe, na wapakiaji wenzake wa kiwanda cha saruji walimpachika jina la Winchi enzi zile alipokuwa akitupa mfuko wa saruji juu ya lori kana kwamba anatupa mto. Sasa alilala karibu na dirisha lenye pazia lililoshushwa siku zote. Miguu haikuwa yake tena na mkono wa kushoto ulishika kikombe kwa kulazimishwa. Tangu aumie hakutaka kuonwa. Wenzake walipoanza kuja kumjulia hali, alimtuma Fundi awaambie amepelekwa kwa ndugu zake, mbali. Wakaja mara moja mbili zaidi, wakaacha. Kwa miaka yote hiyo aliishi umbali wa kutembea tu kutoka lango la kiwanda, na kila alfajiri alisikia king'ora chao akiwa kitandani.

Binti alimpa simu. Winchi aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akatazama kwa muda mrefu.

"Mimi hapa nalia?"

"Hulii, baba."

"Wameandika nalia."

"Wameandika wao. Mimi nilipoituma sikuandika hivyo."

"Na hii nguvu iko wapi? Wameomba picha ya nguvu, wewe unawapelekea mwanamke aliyebebeshwa gunia." Alirudisha simu. "Mashindano ya nani haya?"

Binti alitazama sakafu. Fundi, ambaye mpaka wakati huo hakuwa amejiuliza kwa nini turubai limetundikwa kwenye ghala la saruji na si kwingineko, sasa alijiuliza.

"Ya kiwanda," binti alisema.

Winchi hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Umenirudisha kwao," alisema, "mgongoni mwa mama yako."

Hapo inabidi ieleweke jinsi mtu yule alivyokuwa akinyanyuliwa, kwa sababu ugomvi wote ulitoka hapo. Wapakiaji wa kiwanda kile walikuwa na mtindo wao wa kunyanyua mzigo wa pamoja, na mwenye kuuongoza alikuwa mmoja tu, Winchi. Yeye alisema, "Magoti," wakachuchumaa na kujibu, "Tayari." Akasema, "Pumzi," wakavuta pumzi na kujibu, "Ipo." Ndipo anasema, "Haya," na mzigo unapanda. Ambaye hayuko sawa ananyamaza. Akinyamaza hata mmoja, neno "haya" halisemwi, watu wanasubiri, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kusema neno hilo la mwisho, hata kama ni mkurugenzi.

Jioni aliyoumia, king'ora cha kufunga zamu kilikuwa kimeshalia. Msimamizi wa zamu aliwazuia wamalizie lori moja. Winchi alisema pumzi, na mmoja wao, kijana aliyekuwa hajala tangu asubuhi, hakujibu. Winchi akasubiri. Msimamizi hakusubiri. Alipiga bati la lori kwa ngumi na kupiga kelele, "Haya, haya, haya." Nusu wakanyanyua, nusu hawakunyanyua, ubao wenye mifuko ukaangukia upande wa Winchi. Kiwanda kilisema ajali imetokea nje ya zamu. King'ora kilikuwa kimelia, si ndiyo? Basi hakuwa kazini. Wakamtumia kapu la matunda.

Mtindo ule Winchi aliuleta nyumbani. Kila asubuhi Fundi alichuchumaa mbele ya kitanda, akampa mgongo, mumewe akamzungushia mikono shingoni na kumwambia sikioni: magoti, pumzi, haya. Naye Fundi akajibu: tayari, ipo.

"Umesahau ile siku ulipokuwa na homa," binti alimwambia baba yake. Alikuwa ameanza kulia lakini hakuacha kusema. "Hukuweza kuongea. Mama akajaribu kukunyanyua mwenyewe, kimyakimya, mkaanguka wote wawili hapo mlangoni. Mama ana mgongo uleule, mikono ileile, na hakuweza. Wenzangu wote wamepiga malori, madaraja, wanaume wenye vifua. Mimi nilikaa nikajiuliza nguvu ya nyumba hii inatoka wapi, nikajua. Nilikupiga picha ukisema haya. Nilipiga sauti yako."

"Sauti haipigwi picha."

"Najua. Ndiyo maana nilipiga nyingi mno siku ile."

Winchi aligeuza uso kuelekea ukutani. Fundi alisimama kati yao akiwa na hasira mbili ambazo hakujua aanze na ipi. Moja ilikuwa ya binti aliyempeleka barabarani bila ruhusa. Ya pili, ambayo ilimjia polepole, ilikuwa ya majaji. Watu waliosoma picha kwa kazi, wamemtazama mwanamume anayeamrisha na kumwona anayelia. Walipoona amebebwa, hawakuhitaji kutazama zaidi.

*

Afisa uhusiano wa kiwanda alikuja katikati ya wiki. Alikuwa kijana mwenye viatu vya ncha na shati lenye nembo ya kiwanda kifuani, na manukato yake yalitangulia kuingia. Alisema shikamoo vizuri, mara mbili. Kisha akatafuta mahali pa kukaa ambapo si kitandani, akakuta kiti cha cherehani, akakipangusa kwa leso kabla ya kukikalia. Fundi aliiona ile leso.

"Nimekuja na habari njema, mzee," alisema. "Picha ya binti yenu imeshika nafasi ya kwanza. Turubai ni tangazo tu la picha kumi bora; kwamba yenu imeshinda ni siri mpaka Jumamosi. Binti atapata kamera mpya na cheti. Na zaidi ya hayo, mkurugenzi wetu ameguswa. Ameguswa kweli. Amesema mtu huyu hawezi kuendelea kubebwa mgongoni, anunuliwe kiti cha magurudumu. Tutakukabidhi jukwaani, mbele ya waandishi."

Fundi aliacha kukunja nguo. Asubuhi hiyohiyo, baada ya kumweka mumewe kwenye beseni, alikuwa ameshikilia ukuta wa choo kwa muda, akingoja kiuno kimruhusu kunyooka. Alikuwa hajamwambia mtu.

"Mwambie mkurugenzi wako asante," Winchi alisema. "Na umwambie sikuwa nalia."

"Samahani?"

"Hapo kwenye picha. Mmeandika kilio. Sikuwa nalia."

Kijana alitabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto. "Ni lugha ya kisanii, mzee. Majaji wameona maumivu, wakayapa jina. Kwani ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa kazini."

Halafu Winchi akamweleza. Hakurefusha. Alitaja lango la upakiaji, akataja king'ora, akataja ubao wa mifuko na msimamizi aliyepiga bati. Kadiri alivyoendelea, kijana alizidi kukaa wima, na tabasamu lake likabaki usoni bila kazi yoyote.

"Msimamizi unayemsema," aliuliza taratibu, "ndiye huyu meneja wetu wa upakiaji?"

"Kama mlimpandisha cheo, hongereni."

Afisa uhusiano alifunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa. "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Lakini yale ni mashindano ya picha, si baraza la kazi. Watu watakuja kufurahi. Sasa tukianza kusema huyu alikuwa wetu, mara king'ora, mara nani alisema nini... Picha itabidi iangaliwe upya. Kiti nacho kitaangaliwa upya. Tuseme tu ni maradhi. Maradhi hayana mwenyewe."

"Toka nyumbani kwangu."

Kijana hakutoka. Hakukataa pia. Alimalizia maji yaliyobaki kwenye glasi, akaiweka juu ya cherehani, akatafuta funguo za gari mfuko huu na mfuko ule, kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba aliyemfukuza hawezi kumfikia. Winchi alilala pale akimtazama, na ngozi ya taya zake ilikuwa inacheza. Fundi alitamani kumwagia mtu yule maji ya pasi.

Badala yake alimsindikiza.

Walisimama nje, kwenye kivuli cha ukuta. Kijana alifungua mlango wa gari, akamgeukia Fundi, na kwa mara ya kwanza akasema jambo la kweli. "Mama, yeye ana maneno. Anayebeba ni wewe."

Wapo waongo wanaojua mahali hasa pa kuweka ukweli wao mmoja. Fundi alijiona jinsi alivyosimama, mkono mmoja kiunoni, kama anavyosimama siku hizi hata akiwa sokoni. Alikumbuka mlango pale walipoangukia. Alijiuliza siku kiuno kitakapogoma kabisa, ni nani atambeba nani, na kuna mtu gani wa kiwanda atakayekuja na kapu gani la matunda.

"Kiti ni kizuri?" aliuliza.

"Kipya. Kina breki."

"Andikeni mnavyotaka," alisema. "Kiti kije."

Aliporudi ndani alimwambia mumewe kwamba kijana ameelewa, kwamba wataandika ukweli, kwamba mambo ya maradhi yamefutwa. Alisema akiwa amempa kisogo, anatunga uzi kwenye sindano, na uzi ukakataa kuingia. Winchi akaomba anyolewe ndevu siku ya Ijumaa. "Si kwa ajili yao," alisema. "Mtoto anapewa cheti. Baba yake awepo." Fundi alisema sawa. Siku zilizobaki alizitumia kushona gauni jipya, na kwapani alipiga mshono mara tatu.

*

Ukumbi ulikuwa na mapazia marefu na baridi ya mashine. Picha kumi bora zilisimamishwa pembeni: malori, daraja, bondia, mawimbi yakipiga mwamba, mtambo wa kusaga mawe. Ile ya Winchi ilikuwa katikati ya jukwaa, imefunikwa kitambaa chekundu. Mbele kabisa kulikuwa na sofa refu la wakubwa. Mkurugenzi alikaa ncha moja, mgeni rasmi akafuata, kisha meneja wa upakiaji, mtu mnene sasa, mwenye miwani, anayekunywa maji kwa mrija. Nyuma kabisa, ili viti visionekane vitupu kwenye picha za magazeti, walikuwa wamejazwa wapakiaji. Waliletwa moja kwa moja kutoka zamu, wakapewa ovaroli mpya ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya boksi.

Fundi alipowaona, alimgeukia mumewe haraka. Winchi alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia la kuingilia. Alikuwa hajawaona bado.

Kiti cha magurudumu kilikuwa upande wa pili wa jukwaa. Kilipakwa rangi za mfuko wa saruji na nembo ya kiwanda ilichorwa mgongoni, kubwa, ili popote atakapopelekwa maisha yake yote awe anawatangaza. Fundi aliiona breki. Aliyaona magurudumu na namna yanavyong'aa. Moyo wake ulikitaka kiti kile kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na hakuona aibu kukitaka.

Kitambaa kilivutwa. Watu wakapiga makofi, binti akapanda, akapewa kamera na cheti, akainama. Hakuruhusiwa kusema kitu. Afisa uhusiano alishika kipaza sauti na karatasi.

"Kilio kisicho na sauti," alisoma. "Picha hii inatuonyesha mzee aliyeangushwa na maradhi, asiye na nguvu tena, akilia mgongoni mwa mke wake mwaminifu. Msanii anatuuliza: nguvu ni nini? Na sisi kama kiwanda tunajibu: nguvu ni kumsaidia asiyejiweza."

Pazia la pembeni lilivutwa kwa wakati uleule, Winchi akaonekana na ukumbi mzima.

Alikuwa amesikia kila neno. Hakumtazama afisa uhusiano. Alimtazama mke wake, na Fundi aliuona uso ule ukielewa: uzi uliokataa kuingia, kisogo, ile kauli ya kwamba ameelewa. Kwa miaka yote ya beseni na mashuka, hajawahi kumtazama hivyo. Fundi alitaka kumwambia kiuno, baba, kiuno changu, lakini kamera zilikuwa zinawaka.

"Na sasa," afisa uhusiano alisema, "mama atamhamishia mzee kwenye kiti chake kipya. Waandishi, sogeeni. Haya, mama. Mnyanyue."

Fundi alikwenda kwenye kiti cha plastiki. Akageuka, akampa mumewe mgongo, akachuchumaa. Mikono ilimzunguka shingoni. Alisubiri.

"Haya, mama," kijana alirudia. "Haya, haya."

Hakutikisika. Si kwamba alikuwa amepanga. Mwili wake ulishajifunza kutokutii neno hilo likitoka kwenye kinywa kisicho cha mumewe. Mtu mmoja kwenye viti vya mbele alicheka kidogo. Kwenye sofa, meneja wa upakiaji aliacha kunywa maji.

Winchi alivuta pumzi. Hakumwambia sikioni kama anavyofanya nyumbani. Alisema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kushinda mitambo.

"Magoti."

Fundi alifungua mdomo ajibu, na jibu halikutoka. Alikuwa amemdanganya mtu huyu, na neno "tayari" ni la ukweli. Winchi alisubiri, kama alivyosubiri jioni ile.

"Tayari," mtu alisema kutoka nyuma ya ukumbi.

Vichwa viligeuka. Mpakiaji mmoja mwenye mvi alikuwa amesimama ndani ya ovaroli yake mpya. "Huyu ni Winchi," aliwaambia wenzake. "Jamani, ni Winchi. Tuliambiwa yuko kwa ndugu zake."

"Pumzi," Winchi alisema.

"Ipo," walijibu, wote, na viti vya nyuma vikalia kwa kusimama kwao. Fundi aliisikia sauti yake mwenyewe katikati ya zao, imechelewa, lakini ipo.

"Haya."

Akanyanyuka naye.

Kiuno kilimchoma hadi macho yakaona nyota. Miguu ya mumewe ilining'inia. Kulia kwake, hatua chache tu, kulikuwa na kiti cha magurudumu, na afisa uhusiano alikuwa amekishika kwa mikono miwili akimkaribisha kwa macho: hapa, mama, weka hapa. Kushoto kulikuwa na ngazi fupi, na chini yake sofa. Winchi hakumwambia aende wapi. Kazi ya mwenye kusema haya inaishia hapo. Mzigo unapelekwa na aliyeubeba.

Fundi alikitazama kiti. Alikitazama vizuri, kama mtu anayeaga. Kisha akashuka ngazi.

Alishuka akihema, mshono wa kwapani umekazana, na wapiga picha wakampisha kwa sababu hawakujua la kufanya. Alisimama mbele ya sofa la wakubwa, mbele ya meneja wa upakiaji, na hakumwambia shikamoo wala samahani.

"Sogea," alisema.

Meneja alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alitazama kamera. Meneja akasogea. Fundi aligeuka, akakunja magoti jinsi alivyofundishwa, na kumweka mumewe pale kati ya mgeni rasmi na mtu aliyepiga bati. Akamrekebisha kola. Binti alikuwa ameshashuka jukwaani, amebeba kamera yake mpya, na kipaza sauti alichokuwa amekichukua mezani. Alimpa baba yake kipaza sauti, kamera akaiinua kwenye jicho.

"Sikuwa nalia," Winchi aliuambia ukumbi. "Nilikuwa nasema haya. Hawa ndugu zangu wa nyuma wanajua maana yake. Na huyu niliyeketi naye anajua, maana kuna siku alilisema yeye, king'ora kikiwa kimeshalia. Pigeni picha, nisimulie."

Afisa uhusiano alimfuata Fundi pale alipoegemea nguzo, mkono kiunoni. Manukato yake yalikuwa yamegeuka jasho. "Mama, umeharibu," alimnong'oneza kwa ukali. "Unajua umeharibu? Kiti kinarudi kwenye lori sasa hivi."

Fundi hakugeuza uso. Alikuwa anasikiliza.

"Kirudishe," alimwambia. "Ila sukuma polepole, magurudumu yasipige kelele. Mume wangu anaongea."